Friza ya Eeddo na Karatasi ya Benki

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Joto la Garissa leo halina huruma, hata feni inapuliza hewa ya moto. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Eeddo Shamsa hasomi Kiswahili, na leo nataka kumsifu bila yeye kujua. Akijua ataniuliza nimekula nini.

Eeddo ni shangazi yangu, dada ya baba. Anauza maziwa ya ngamia hapa sokoni. Yanakuja kwa basi kutoka Habaswein, kila mtungi umefungwa kitambaa cha rangi ya mwenyewe, na yeye anajua kila kitambaa ni cha mama gani. Nilisomeshwa na maziwa hayo mpaka nikaajiriwa benki.

Sasa hiyo benki. Mwezi uliopita wezi wa mtandao waliingia kwenye mfumo wetu. Siku mbili wateja wanaangalia salio, wanakuta sifuri. Meneja akatugawia karatasi iliyochapwa tuwasomee watu, na nimeisoma mpaka naikumbuka hata nikiosha vyombo: "Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Hakuna mteja atakayepoteza hata shilingi moja." Na kweli, wiki haikuisha pesa za watu zikarudi. Benki ina bima, ina mawakili, ina makao makuu Nairobi. Hakuna aliyeuza kitu cha nyumbani kwake.

Siku ya pili ya vurugu hiyo, foleni imefika barabarani, Eeddo akanipigia. Kuna mtu kwenye kundi la wasap la akina mama wa maziwa anasema namba zake sita za siri, za kufungulia wasap, zimetumwa kwa simu ya Eeddo kwa makosa. Je, ampe?

"Mpe tu, Eeddo, niko na watu."

Mimi huyo, mfanyakazi wa benki.

Kabla ya adhuhuri mwizi alishaichukua wasap yake na anaandika kwa jina lake: nimelazwa hospitali, nisaidieni kwa namba hii. Kwetu qaaraan, yaani mchango wa kumsaidia aliyepatwa na shida, hauna maswali. Kumpigia mgonjwa simu kuhakikisha kama kweli anaumwa ni aibu kubwa. Basi akina mama kumi na mmoja wakatuma kimya kimya, kila mmoja na dua yake. Mama Dahabo wa Habaswein hakuwa na kitu, akauza mbuzi kwanza.

Eeddo alienda polisi, akaandikisha, akapewa kikaratasi chenye namba ya OB, kile kitabu chao cha matukio. Amekikunja hicho kikaratasi kwenye pochi yake mpaka leo.

Akina mama walimsihi aache, walitoa kwa ajili ya Mungu. Hakukubali. "Mlimpa Shamsa mgonjwa," aliwaambia, "na Shamsa hakuwa mgonjwa. Nitarudisha." Juzi Alhamisi akauza friza yake, ile iliyokuwa inamwezesha kulaza maziwa mpaka asubuhi. Na walipomuuliza nani alimwambia atoe zile namba, akajibu ni uzee tu, walaahi.

Nilikuwa nimekaa hapo hapo, nakunywa chai yake. Nikamalizia kikombe.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Leo mchana nikaenda sokoni, nikamkuta anauza kwa bei ya chini ili maziwa yaishe kabla hayajachachuka. Nikamwambia yote. Kwamba kosa ni langu, nitalipa mimi, na friza nitamnunulia. Nikalia kama mtoto mbele ya wateja wake.

Akanifuta uso kwa ncha ya mtandio wake. "Kwani wewe unaniambia nini? Si mimi ndiye niliyekupigia? Sauti yako siku ile ilikuwa ya mtu ambaye hajala. Ningekutaja mbele ya watu?"

Nampenda sana huyu mama. Siku zote nimempenda, lakini leo zaidi.

Pesa yangu ameikataa. Friza, anasema, tutaongea. Amebaki na mtu mmoja tu ambaye hajamlipa, Mama Dahabo. Akatoa pesa zilizofungwa kwenye kitambaa cha kijani, rangi ya mtungi wa Mama Dahabo, akaniwekea mkononi.

"Hizi utapeleka wewe. Aliyeuza mbuzi hatumiwi pesa kwa simu, anaendewa. Na umwambie mwenyewe ni nani aliyesema mpe tu."

Basi kesho alfajiri napanda basi la Habaswein. Tangu swala ya alasiri najaribu maneno ya kumwambia, na kila nikifungua mdomo yanatoka yale ya benki, tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Nimeyasema kwa mamia ya watu na hakuna hata mmoja niliyemkosea mimi.

Huyu mmoja nimemkosea, na sina karatasi ya kumsomea.