Wimbo Ulioshushwa

Mjukuu wangu Tumaini,

Nakusalimu kutoka Woolwich, hapa London. Mgongo unauma lakini kazini naenda, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike. Umeniuliza kama urudi kwaya, maana tangu upasuaji wa koo sauti ya kwanza huifikii tena, na unaogopa kuchekwa.

Miaka ya nyuma nilikuwa nafanya usafi kwenye ukumbi wa muziki hapa. Likaja kundi la Waingereza wa hevi metali, yaani magitaa na makelele, lililovunjika zamani na sasa linarudi. Mchana wakifanya mazoezi, mwimbaji alishindwa kuifikia sauti ya juu ya wimbo wao uliopendwa zaidi. Mpiga gitaa akamwambia, "Tuushushe, uimbe unapofika."

"Tukiushusha watajua nimezeeka."

"Una kipara, bwana. Wameshajua."

Mwimbaji akanuna, akatoka kuvuta sigara. Nikadhani hatarudi. Aliporudi akasema, "Haya, shusha."

Jioni ukumbi ulijaa watu wazima wenye majaketi meusi ya ngozi yasiyofunga tumboni. Wimbo ulipoanza, umeshushwa kweli, mimi mlangoni na ufagio wangu nilitazama nyuso zao. Hakuna aliyenung'unika. Jibaba moja lilikuwa linaimba huku linalia. Muziki ule siupendi mpaka leo, lakini nilisimama mpaka ukaisha.

Jumapili nenda, mwombe mwalimu akupange sauti ya pili. Nadhani wanakungoja wewe, na sauti yoyote utakayokuja nayo.

Babu yako,
Elia