Pikapu ya Babu Yako Haiuzwi

Micheweni, Pemba
Jumapili, 21 Mfunguo Mosi 1446

Mpendwa mjukuu wangu Zubeir, mume wangu wa mdomoni,

Huna adabu. Sijafa bado, nawe ushainadi gari ya babu yako kwa Kificho, mnunuzi wa vyuma chakavu. Weye uko Maskati unakula halua, mie huku habari nazisikia dukani. Ningekwambia kwa simu, lakini kila nikianza kukugombeza mtandao wako huharibika. Barua haina mtandao. Anakuletea Suhaila, jirani yetu anayesafiri kuja huko, na nimemwambia asiondoke mpaka umalize kuisoma.

Haya, assalamu alaykum. U mzima? Joto la huko unaliweza? Kile kikohozi kimekwisha? Siye huku wazima, alhamdulillahi. Goti langu huuma mvua ikitaka kunyesha, na masika haya inataka kila siku. Mwani tunaanika, tunaanua, tunaanika tena.

Harusi ya nduguyo Rahila mwaka jana hujaisahau. Pikapu ilichemka katikati ya njia na vyombo vya mwari juu yake, ikatoa moshi kama tanuri la chokaa. Kitanda kikafika ukweni kichwani mwa watu, na njia nzima inatucheka. Tangu siku ile kila mtu bingwa. Weye ukasema gari ni mzigo. Shangazi yako Mwanapili akasema ni mzoga. Na mie kwa hasira nikatamka mbele ya watu: ikichemka tena kwenye harusi ya dada yako Laila, Kificho aje aichukue. Neno langu silirudishi, unanijua.

Lakini sikukaa kuingojea aibu. Injini hulia kabla ya kuchemka, na babu yako alikuwa akiisikia. Ami yako Hafidh, anayeiendesha sasa, ataisikiaje, na nyuma wanawake wanapiga ngoma na vigelegele? Ngoma siinyamazishi. Vyombo vya mwari havipelekwi kimya kama vya kuiba. Nikasema basi, kisichosikika kionekane.

Nikaenda Tibirinzi kwa fundi Jaribu. Nikamwambia nataka saa za injini, moja ya joto la maji, moja ya nguvu ya oili. Yeye huziita geji. Ile ya joto iliyokuja na gari, mshale wake umelala tangu uhai wa babu yako. Jaribu akacheka: "Bi Siti, gari hii na mie, nani mkubwa?" Nikamwambia, "Gari. Basi iamkie kwanza, kisha ufunge."

Akazifunga kwenye kibati chini ya dashibodi, nami nikamshikilia azielekeze upande wangu. Hafidh mwanangu nampenda, lakini huyo hata tumbo likimkata husema bado kidogo.

Ukweni kwa Laila, kule Wawi, walitaka kutuletea lori. Nikakataa. Alhamisi tukapakia kitanda, kabati, magodoro na masufuria, tukafunika turubai. Mwanapili akaipamba pikapu kwa khanga mpya, mbele nzima, taa zikabaki kuchungulia. Nikapanda mbele, macho kwenye saa. Nyuma ngoma imepamba moto.

Tulipofika kile kilima babu yako alichokiita Kilima cha Adabu, mshale wa joto ukaanza kupanda.

"Hafidh, simama."

"Bado kidogo, Mama, juu pale."

"Simama, au nashuka ingali inakwenda!"

Akasimama. Ngoma ikakatika. Mwanapili akapaza sauti kutoka nyuma: "Nshasema mie! Mzoga huu! Mpigieni Kificho!"

Nikazitazama saa zangu, nikashuka. Saa ya oili imetulia. Chupa ya maji imejaa, hakuna panapovuja. Nikazunguka mbele, nikaziona zile khanga zimekazwa juu ya rejeta, pale maji ya injini yanapopozwa na upepo, hata upepo wa kupuliza mshumaa haupiti. Nikasema, "Enyi watu, gari hii inapumulia wapi?" Nikazifungua kwa mikono yangu. Injini inanguruma pale pale, na Hafidh anaita kutoka ndani: "Mama, unashuka! Mshale unashuka!"

Sasa niulize mwaka jana aliyeipamba ni nani. Mwanapili. Na khanga alizifunga wapi? Pale pale. Mwaka mzima tunaitukana gari ya watu, kumbe tuliiziba pua wenyewe.

Sikumtukana. Nilimwambia tu, "Panda, mwanangu, mzoga unakusubiri."

Khanga tukazifunga ubavuni. Kilima tukakipanda na ngoma juu, mshale hautikisiki, na wanawake wakatunga papo hapo: "Tumekuja na chetu, hatukuazima!" Hivyo ndivyo tulivyoingia Wawi. Mzee Haroub, mkwe wa Laila, akaja dirishani kuziangalia saa zangu, na wanaume wenzake wakafuata, vichwa ndani kama wanatazama mtoto mchanga. Akaniuliza Jaribu anapatikana wapi. Yeye mwenye lori! Nilivuta ushungi wangu, nikamwelekeza taratibu.

Laila anakusalimu sana, ametulia kwa mumewe. Ami yako Hafidh anakusalimu, na Rahila. Mwanapili pia anakusalimu, ila kwa sauti ndogo. Msalimie mkeo, na wanao uwabusu. Mungu akukinge na kila shari, akupe riziki ya halali na akili ya kukaa nayo.

Gari haiuzwi. Uliyemwita Kificho ni weye, basi wa kumfukuza ni weye, kwa mdomo wako. Usimtume mtu.

Anayekupenda hata ukimuudhi,
Bibi yako, Siti

Chai hiyo iweke chini. Mpigie Kificho sasa hivi, Suhaila akisikia.