Mtumishi wa Udongo wa Shangazi

Jumapili, Stechford, Birmingham

"Mheshimiwa Mchungaji, Shangazi yetu mpendwa, nanyi binamu mliofuata pilau," nilianza hotuba yangu kando ya kitanda cha Shangazi, na bado naamini nilistahili vicheko zaidi.

Shangazi, ambaye daktari hampi hata mwezi, aliwahi kuona kwenye makumbusho vinyago ambavyo Wamisri wa kale walizikwa navyo ili viwafanyie kazi ahera. Sasa anataka chake cha udongo jenezani.

"Huo ni ushirikina, Mama," alisema Mchungaji.

"Nimefagia ofisi za Birmingham miaka thelathini. Hizo barabara za dhahabu atazifagia nani? Wewe?"

Mchungaji aliutazama mkono wa Shangazi uliokonda.

Naogopa Shangazi hataishi hadi Jumamosi. Kwa hiyo nilitangaza uamuzi: tunamfinyangia mtumishi wake kesho jioni, sote, na Mchungaji ataleta udongo.