Mbele Kabisa, Karibu na Spika

Dada yangu mpenzi,

Mimi mzima, ila miguu imevimba kwa kusimama. Cherehani nimemwachia shoga yangu, kwa hiyo usitume tena watu dukani kunitafuta. Kesho bendi inahamia mji mwingine nami nimo. Nitaifuata mpaka ziara iishe.

Ulisema mtu mzima hakimbizani na wapiga roki. Njoo utuone! Tunapanga foleni tangu asubuhi ili tushike uzio wa mbele, pale penye spika. Kuna fundi wa kuchomelea tunamwita Babu Kelele. Ndiye hunishikia nafasi nikienda kunywa chai, na mtu akinisukuma huwa mkali kama pilipili.

Jana nilijiaibisha. Walikuwa kwenye ule wimbo wa taratibu. Nilipoona mpiga gitaa ameinamisha kichwa, nikajua umeisha, nikapiga makofi na vigelegele. Ukumbi mzima ukanigeukia. Kumbe gitaa lilikuwa bado linalia. Babu Kelele hakucheka. Aliniwekea mkono begani, akanigongea mapigo kwa vidole mpaka wimbo ukaisha kweli.

Usiwalaumu wanamuziki. Daktari amesema ni ugonjwa ule ule wa mama, ungenipata hata ningejifungia ndani kimya. Basi acha niyajaze masikio haya wakati bado yanapokea. Nyumbani nitarudi, lakini si sasa.

Nibusie watoto. Na simu usipige tena, dada. Niandikie.

Mdogo wako, mbishi yule yule