Wanaotaka Kulipiga Picha Josho Letu

Najma, Doha

Dada yangu Wakesho,

Hujambo, na Mama hajambo? Goti lake limeivumilia baridi ya mvua, ama bado anakushika bega akishuka ngazi za kanisa? Na kifua chako je? Mimi mwili unaenda. Joto la huku linafanya maji ya bomba yatoke kama ya chai, na mgongo unanung'unika kila asubuhi, lakini nakula na ninalala. Namshukuru Mungu.

Barua hii nimempa mtu wa Voi ambaye tunaishi naye chumba kimoja. Anarudi nyumbani kabisa. Nimemwambia akupe wewe mkononi, asimwachie mtu dukani. Sikupiga simu kwa sababu simu tunayoongea nayo ni ya Mwadime, na tukimaliza kuongea anabaki nayo yeye. Mtoto wa baba mdogo ni ndugu, sikatai. Lakini haya yasome ukiwa peke yako, kisha umsomee Mama mlango ukiwa umefungwa.

Wiki iliyopita Mwadime alinipigia kwa video akiwa amesimama pale kwenye josho la zamani la ng'ombe, karibu na nyumba ya Mama. Alikuwa na wageni wawili, mmoja ana kamera, mwingine anavuta futi ya kupimia. Akaniambia kuna kamati ya kuandika historia ya mji wetu, tangu enzi za ranchi mpaka enzi za mawe ya thamani, na kwamba josho litatolewa, wajenge ukumbusho mzuri mahali pale pale.

"Mama ndiye atakayesimulia siku ya sherehe," akasema. "Wakijenga, atahamia kwa Wakesho. Kwa muda tu, kaka."

Sikufichi, nilifurahi. Nani asiyetaka mamake akumbukwe? Kisha akaniuliza, "Hivi marehemu mzee aliwahi kukuambia ile sakafu waliimwaga kwa kina gani?"

"Historia inataka unene wa simiti?" nikamuuliza.

Akacheka. "Wewe nawe! Jua la Waarabu limekupika akili." Yule mwenye futi hakucheka. Alikuwa amechutama anagonga sakafu na nyundo, anatega sikio.

Tangu hapo sina raha, Wakesho, na kuna jambo nimeliona hapa kazini. Sasa hivi natumwa kubomoa majumba ya zamani. Kabla hatujaletwa, hupita mtu nadhifu na kamera. Anapiga picha mlango, anapiga picha ukuta, anawauliza majirani nani aliishi hapa, anasema wanahifadhi kumbukumbu. Pengine ni kweli. Lakini akishaondoka, zamu yetu inafuata. Okello, Mganda ninayefanya naye kazi, anapenda kusema, "Ukiona mlango unapigwa picha, ndugu yangu, tafuta kofia yako ngumu." Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku yetu ya ibada, tulipotoka kanisani mtaa wa Mesaimeer nilimweleza habari za kwetu. Hakufanya mzaha safari hii. Aliniuliza tu, "Chini ya hilo josho kuna nini?"

Hapo ndipo nilipokumbuka maneno ya Baba. Wewe ulikuwa umeolewa, labda hukuyasikia yote. Wakati wa mzungu wa ranchi, kila ng'ombe alipopelekwa kuoshwa kupe, wachungaji walimkagua kwato kwenye ule uwanja wa kukaushia. Kokoto zilizonasa huko bondeni walizing'oa na kijiti na kuzitupa hapo hapo. Nyingine zilikuwa za kijani, na watoto walizichezea. Ranchi ilipovunjika na wachimbaji wa mawe hayo ya kijani kuja na machekeche yao kutoka kila kabila, walichimba bonde, walichimba njia, wakachimba mpaka nyuma ya shule. Mji ukajaa mabaa na nyumba za kulala wageni. Mawe yalipopungua wakaondoka, wakatuachia mashimo ambayo mbuzi wa Mama wanatumbukia mpaka leo. Lakini uwanja wa josho haukuguswa. Baba na wenzake walikuwa wameumwagia simiti juu ya udongo ule ule wa kwato, na walipokuwa hai hakuna mchimbaji aliyethubutu kuingia pale na sururu.

Sasa wote wamekwisha, amebaki Mama. Na Mama ndiye anayeombwa ahame.

Mimi sina cheti cha kumzuia mtu, na niko mbali. Ila nikueleze nilichokiona. Kuna jengo hapa Najma tuliletwa kulivunja, mashine ikawa tayari mlangoni. Chumba cha nyuma alikuwamo mzee Mpakistani, fundi cherehani, anashona kanzu. Msimamizi akamwambia atoke. Mzee akajibu, "Nikimaliza mkono huu." Akamaliza, akaanza mwingine. Msimamizi alitukana weee, lakini hakuweza kumwangushia ukuta mtu aliye kazini. Turudishwe, turudishwe, mpaka wakamtafutia duka lingine. Ndiyo, jengo lilivunjwa mwishowe. Lakini mzee hakutupwa njiani.

Kwa hiyo nakuomba hivi. Nenda kwa wachungaji wa bondeni. Najua siku hizi wanapulizia dawa kwa pampu ya mgongoni, lakini waambie josho halijapasuka na mvua imejaza bwawa. Walisafishe, walijaze maji, afisa wa mifugo awapimie dawa. Kamati ikija na kamera yake ikute ng'ombe wanaruka majini na wachungaji wanawatukania mama zao. Kitu kinachofanya kazi ni vigumu kukiita ukumbusho. Na Mama asitoke kwake, hata kwa usiku mmoja. Akiulizwa, aseme goti limekataa.

Huenda namshuku Mwadime bure. Ikiwa hivyo, nitapiga magoti mbele ya ukoo wote nimwombe radhi. Lakini nimwombe radhi josho likiwa limesimama.

Mpe pole shemeji kwa kazi. Wajomba zangu watoto wako waambie nawapenda, hasa yule wa mwisho ambaye sijamwona. Msalimie shangazi wa kanisani anayempeleka Mama hospitali, na jirani aliyetukopesha jembe. Mama umshike mkono kwa niaba yangu, usimwambie nimekonda.

Na Mwadime naye msalimie sana, kama siku zote, tena umwambie nimemshukuru kwa kazi ya historia. Asije akahisi kitu kabla ng'ombe hawajafika.

Ni mimi mdogo wako anayekukumbuka,
Mwakio