Mama Mkwe Ndani ya Chumba cha Skani

Kitengela, Alhamisi

Na nilikuwa nimemwambia mama mkwe angoje nje! Akaingia tu na shuka yake, akaketi karibu na kichwa changu. Nilikasirika.

Daktari wa utafiti wa ugumba niliojiunga nao akatuonyesha ovari zangu kwa skrini. Zimejaa vifuko vidogo vya mayai, ila mayai hayakomai. Alisema kuna dawa ya kuyasaidia, naanza wiki ijayo. Halafu akaanza kuvihesabu vile vifuko kwa sauti: kimoja, viwili, vitatu...

Mama mkwe akamshika mkono. "Wacha, daktari. Kwetu Wamaasai watoto hawahesabiwi."

Watoto! Na vile huwa anaguna nikipita, eti sijazaa.

Daktari akamalizia kimoyomoyo.

Naogopa dawa ikikataa. Lakini sikumuuliza alifika ngapi.