Sitaandika Saba

Alhamisi. Mvua ilianza kabla ya kengele ya asubuhi, na hapa Tukuyu hakuna anayeshangaa. Sweta langu bado linanuka moshi wa jikoni. Nina hasira, na sijazoea kuwa nayo.

Jumatatu mwalimu wa hesabu alitupa swali: f(x) = |2x + 1|, tafuta f(−3). Darasa zima lilipata 7. Mimi nilipata 5, nikachorewa eksi nyekundu. Kanuni yake ni kwamba thamani kamili haitaki hasi, kwa hiyo −3 unaigeuza 3 kwanza. Mbili mara tatu, jumlisha moja, saba.

Leo akaniita ubaoni nijieleze, kwa Kiingereza. Nikasimama na chaki mkononi, ulimi ukagoma. Wenzangu wakacheka. Akaniambia nikafanye masahihisho: niandike 7, daftari liwe mezani kwake kesho. Asiyesahihisha, mwakani jina lake haliingii mchepuo wa sayansi.

Nautaka huo mchepuo kuliko kitu chochote. Sijawahi kumwambia mtu.

Kwa Kiswahili ningemweleza vizuri tu. Hiyo −3 unaiweka mahali pa x kama ilivyo, na hasi yake. Mbili mara hasi tatu, hasi sita. Jumlisha moja, hasi tano. Hapo sasa ndipo ile mistari miwili ya thamani kamili inafanya kazi yake: kutoka sifuri hadi hasi tano ni hatua tano. Hupepeti kabla hujatwanga. Na kama 3 na −3 ni kitu kilekile, ile hasi aliiandika ya nini?

Atupele, ninayekaa naye dawati moja, alinisema njia nzima ya kurudi nyumbani.

“Gwe, andika saba yaishe. Saba itakuuma?”

“Itaniuma.”

“Haya, profesa. Utakaa sanaa na hiyo tano yako.”

Nilicheka. Halafu nikaogopa, maana inawezekana kabisa.

Nakiri: mchana niliandika 7. Nikaitazama, nikaifuta kwa mate mpaka karatasi ikachunika.

Sasa daftari liko hapa, pembeni ya kompyuta ninayoandikia haya. Chini ya neno Masahihisho nimeandika hesabu yote upya, hatua kwa hatua, kwa Kiingereza changu kibovu. Jibu, 5. Nimelipigia mstari.

Kesho asubuhi daftari litakuwa mezani kwake. Akiitaka saba, aiandike yeye.